Boksi, Pima Maji na Goti Langu: Huduma ya Kupimwa kwa Fundi wa Baiskeli za Mbio, Mwenge

Katika miaka mitatu ya kuendesha baiskeli ya mbio nimenunua mfuniko wa siti wenye jeli, glavu za aina mbili, bandeji ya goti ya kuvuta na chupa kadhaa za dawa ya kuchua, na jumla ya manunuzi hayo imepita shilingi 200,000 bila maumivu yenyewe kuhama mahali pake. Mwezi Juni nilimlipa fundi mmoja wa Mwenge, Dar es Salaam, shilingi 40,000 ili anipime mimi pamoja na baiskeli yangu, na goti lililokuwa likinisumbua tangu mwaka wa kwanza limetulia. Ninayoitathmini hapa ni huduma hiyo, pamoja na kasoro zake, kwa kuwa nazo zipo. Fundi mwenyewe hapendi jina lake litajwe, kwa madai kwamba wateja alio nao wanamtosha. Ila ukifika Mwenge ukauliza anapokaa fundi mzee wa baiskeli za mbio, waendesha bodaboda watakuonyesha.

Ili msomaji aelewe kwa nini nilichelewa hivyo kwenda kupimwa, inabidi nieleze kundi ninaloendesha nalo. Hukutana Jumamosi saa kumi na moja na nusu alfajiri na kufuata Barabara ya Bagamoyo kupitia Tegeta, Bunju na Mapinga, na kwetu sisi maumivu ndiyo maamkizi: hatuulizani habari za nyumbani kabla ya kuulizana habari za goti, kiuno na shingo. Wazoefu huyasikiliza majibu kwa tahadhari. Mwenzetu mmoja, mhasibu, kila wiki hutangaza kwamba mgongo umemkamata na kwamba leo atakwenda pole pole nyuma ya watu. Huyo huyo, tukishavuka daraja la Mto Mpiji, huinuka kwenye siti na kutuacha wote kwenye mwinuko, kisha tunamkuta Mapinga amemaliza dafu la kwanza na anauliza kwa upole kama kuna aliyepata pancha. Mnyororo mkavu kwetu huitwa vifaranga, na mwenye baiskeli inayolia huulizwa anawapeleka soko gani. Anayenyoa miguu huulizwa harusi ni lini. Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli yafanyike Kigali Septemba 2025, ikiwa ni mara ya kwanza kufanyika barani Afrika, tumepata wanachama wapya wengi, na kila mgeni hupokelewa kwa utani huo huo bila kubaguliwa.

Ubaya wa mazingira ya namna hii ni kwamba ushauri ni mwingi na wote hutolewa kwa sauti ya uhakika. Niliposema goti linauma, wa kwanza aliniambia nipandishe siti, wa pili akaniambia niishushe, wa tatu akataka nibadilishe viatu, na wa nne, ambaye hajawahi kuumwa hata kidole, akasema ni uzee. Niliwasikiliza wote kwa zamu, na kila ushauri niliufuata kwa wiki mbili.

Baiskeli yangu ni ya mtumba kutoka Japani, yenye fremu ya aluminiamu, na kama mitumba mingine ilikuja ikiwa imeshakatwa kwa kipimo cha mtu nisiyemjua. Lakini nami nilikuwa na mazoea yangu. Nilijifunza kuendesha kwenye Phoenix ya baba mdogo, na sheria ya nyumbani ilikuwa kwamba ukiketi kwenye siti unyayo ufike chini, la sivyo utaanguka mbele ya watu. Sheria hiyo niliibeba miaka yote hadi kwenye baiskeli ya mbio, nikashusha siti mpaka nikajisikia salama kwenye taa za Mwenge, na sikuwahi kufikiri kwamba usalama wa dakika moja kwenye taa nilikuwa ninaulipia kwa saa nne za barabarani.

Karakana ya fundi ni kibanda cha mabati chenye kivuli cha mwarobaini, na nje kuna ukuta mfupi wa matofali ambao, nilivyokuja kuelewa baadaye, ni sehemu ya vifaa vyake. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba mwanangu, kinauma nini?" bila kuinua macho kutoka kwenye gurudumu alilokuwa akilinyoosha spoki. Nilianza kumweleza kwamba labda tatizo ni viatu, akanikatiza kwa adabu na kuniambia kwamba hakuniuliza tatizo ni nini. Kwa karibu nusu saa aliuliza maswali tu: maumivu yako mbele ya goti au nyuma, yanaanza kilomita ya ngapi, yanazidi wakati wa kupanda au tambarare, vidole vinavyokufa ganzi ni vipi, mkono wa kulia unatangulia au wa kushoto. Mbele ya goti, nilimjibu, chini kidogo ya pia, na hasa kwenye mwinuko. Hapo akaguna. Baadaye alinieleza kwamba maumivu ya mbele ya goti mara nyingi huelekeza kwenye siti iliyo chini mno, kwa sababu goti hukunjwa kupita kiasi pedeli inapokuwa juu na ile pia ya goti hukandamizwa kwenye mfupa wa paja kila mzunguko, ilhali maumivu ya nyuma ya goti mara nyingi huelekeza kwenye siti iliyo juu mno, inayomlazimisha mtu kuunyoosha mguu kuliko unavyotaka.

Kilichofuata ndicho nilichopenda kuliko yote. Alichukua kipande cha boksi lenye mawimbi ndani, la aina ya maboksi ya mafuta ya kula, akakiweka juu ya ule ukuta mfupi, akaniambia niketi juu yake huku nimeinama mbele kana kwamba nimeshika usukani, na ninyanyue visigino. Nilikaa hivyo kwa dakika moja mbele ya mama ntilie wa jirani, ambaye nadhani ameshazoea kuona watu wazima wakiinama juu ya maboksi. Niliponyanyuka, kulikuwa na mabonde mawili kwenye boksi, alama za mifupa miwili ya makalio ambayo ndiyo inayopaswa kubeba uzito wa mwendesha baiskeli. Aliyazungushia kalamu, akapima kutoka katikati ya bonde moja hadi katikati ya jingine, akapata milimita 116, akaongeza 25 na kuandika 141 kwenye kiganja chake. Kisha akapima siti yangu: milimita 130. Mifupa yangu ilikuwa inakalia kingo, na mzigo uliobaki ulibebwa na msamba, mahali ambapo hupita neva na mishipa ya damu isiyokusudiwa kukaliwa.

Nikamwonyesha mfuniko wa jeli nilionunua kwa ajili ya tatizo hilo hilo. Aliubonyeza kwa kidole gumba na kunionyesha jinsi kidole kinavyozama huku jeli ikipanda pembeni. Mifupa ikizama hivyo, alisema, jeli inayopanda hukusukuma palepale unapotaka pasiguswe, na ndiyo maana watu wa safari ndefu hukaa kwenye siti ngumu kiasi, ilimradi upana wake uwe wao. Alinitolea kwenye gunia siti ya mtumba ya milimita 143 yenye mfereji katikati, akaniuzia kwa shilingi 35,000 nje ya gharama ya kupimwa. Mfuniko wangu wa jeli sasa unatumiwa na mwanangu kwenye baiskeli yake ya kwendea dukani, ambako unafaa.

Kwa urefu wa siti alinisimamisha pekupeku nikiegemea ukuta, akanipa pima maji ya waashi niibane katikati ya miguu hadi iguse mfupa, akahakikisha tone la hewa limetulia katikati, na kupima kutoka ukingo wa juu wa pima maji hadi sakafuni. Sentimita 82. Akazidisha kwa 0.883, hesabu iliyopata umaarufu kupitia Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990, na kupata sentimita 72.4 kutoka katikati ya ekseli ya mikono ya pedeli hadi juu ya siti. Yangu ilikuwa 69.5. Hakupandisha yote mara moja, na hakuiamini hesabu peke yake: alinipandisha kwenye baiskeli, akashusha pedeli hadi chini kabisa, akaweka kwenye goti langu kile kipimapembe kikubwa cha mbao cha kuchorea ubaoni shuleni, akasoma kwamba goti limebaki na mkunjo wa zaidi ya digrii 45, na kunieleza kwamba anatafuta mahali fulani kati ya 25 na 35. Akapandisha sentimita moja siku hiyo, akaniagiza niongeze milimita tano kila wiki, na nisimame kwenye 72 kwanza nione, kwa sababu misuli iliyozoea kazi moja kwa miaka mitatu haipendi kuhamishwa ghafla.

Mikono ilimchukua muda mfupi zaidi. Vidole vinavyokufa ganzi kwangu ni cha mwisho na kinachokifuata, na muuguzi mmoja wa kundini alikuwa ameshaniambia kwamba hiyo ni neva ya alna, inayopita kwenye kitako cha kiganja upande wa kidole cha mwisho na kubanwa na usukani. Fundi alifika kwenye jibu hilo hilo bila jina la neva. Siti yangu ilikuwa imeinamia mbele, kwa ushauri wa mwenzetu mwingine wa kundini, na hivyo nilikuwa ninateleza kuelekea usukani na kujizuia kwa mikono safari nzima. Aliisawazisha kwa pima maji ile ile, akatoa shingo ya usukani ya milimita 110 na kuweka ya 90 iliyotoka kwenye gunia lile lile, akapunguza upepo wa matairi, ambao kwa kiburi cha vijana wa kundi nilikuwa ninaujaza kama jiwe, na kuniambia niwe ninabadilisha mahali pa kushika kila baada ya kilomita chache hata kama sijisikii kuchoka.

Swali la mwisho lilihusu kaptula. Aliniuliza ninavaa nini ndani ya kaptula yenye pedi, nikamjibu ukweli, akavua miwani. Pedi imeshonwa ili ikae kwenye ngozi, alisema, na mshono wa chupi ndio unaokuchuna, halafu unalaumu siti ya watu. Nilipoirudisha hoja hiyo kundini Jumamosi iliyofuata niligundua kwamba nusu ya wenzangu walikuwa wanafanya kosa hilo hilo kwa miaka na nusu nyingine walikuwa wanalijua na kunyamaza, na mjadala ule ulitufikisha Bunju bila mtu kukumbuka kutaja goti.

Nimeendesha wiki saba tangu siku hiyo, katika msimu wa kusi, ambao husukuma mtu vizuri kwenda Bagamoyo na kumdai wakati wa kurudi. Goti limenyamaza kuanzia wiki ya tatu, siti ilipofika 71.5, na sasa iko 72 kamili ikiwa na alama ya gundi ya karatasi ili isije ikashuka bila mimi kujua. Makalio yaliuma zaidi kwa wiki mbili za mwanzo, jambo ambalo fundi alinionya, kisha yakazoea. Vidole bado hufa ganzi baada ya kilomita 80 hivi, hasa kwenye rasta za Kerege, lakini zamani vilianza tukiwa Tegeta. Shingo haijabadilika hata kidogo. Fundi aliiangalia, akaniuliza ninafanya kazi gani, nikamwambia ya kompyuta, akasema hiyo si ya baiskeli na hakunitoza.

Kasoro ni hizi. Miadi yake ya saa tatu asubuhi ilianza saa tano, kwa kuwa kila mwenye pancha aliyepita alihudumiwa kwanza. Haandiki kipimo popote ila kiganjani, hivyo kama hukubeba daftari utarudi nyumbani na makadirio. Kubwa zaidi, anakaza boliti kwa hisia za mkono, bila spana ya kupimia nguvu. Kwa aluminiamu yangu sina wasiwasi, lakini nguzo ya siti ya kaboni nisingemkabidhi, na nilipomuuliza alikubali mwenyewe kwamba kaboni hukaza kidogo kisha humwombea mteja. Pia ni mtu wa hadithi. Nilisikia mara mbili habari za Eddy Merckx, bingwa wa zamani wa mbio za baiskeli kutoka Ubelgiji, ambaye baada ya ajali ya Blois mwaka 1969, iliyomuua mwendesha pikipiki aliyekuwa akimwongoza, aliendelea kuumwa na akawa anarekebisha siti yake hata katikati ya mashindano. Fundi huitumia hadithi hiyo kumtuliza mteja asiyeridhika, na lazima nikiri kwamba mara ya kwanza ilinituliza.

Mhasibu wa mgongo amekwenda kupimwa wiki mbili baada yangu, akarudi na siti iliyosogezwa nyuma na taarifa kwamba mgongo hauna tatizo, taarifa ambayo kundini hatujaipokea vizuri. Ukitaka kwenda, chagua Jumanne au Jumatano, kwa sababu Ijumaa kibanda kinajaa baiskeli za wanaojiandaa kwa Jumamosi. Beba daftari na kalamu, na vaa kaptula na viatu unavyoendeshea. Mbele yangu alimrudisha nyumbani kijana aliyekuja na jinzi.