Uzoefu wangu na kitabu cha gamu cha fotokopi

Hiki ni kitabu cha fotokopi cha kujifunzia gamu (ngazi za noti) kwenye gitaa, kurasa 24 zilizobanwa kwa pini mbili, kinachouzwa katikati ya mji hapa Lubumbashi pamoja na nyuzi na mediatori (vidude vya kupigia nyuzi). Nimekitumia miezi mitatu, dakika 20 kwa siku. Kwa anayeanza gitaa kinafaa sana, mradi asikifuate kwa mpangilio wake.

Ukurasa wa kwanza tu wamemwaga michoro mitano ya gamu ya do majeri (do, re, mi, fa, sol, la, si, do), shingo nzima. Mwanafunzi anakariri umbo, vidole vinapanda na kushuka, na ukimuuliza do iko wapi hana jibu. Ruka hadi ukurasa wa 6, penye gamu hiyohiyo karibu na kichwa cha gitaa. Nyuzi huhesabiwa kuanzia ule mwembamba, na kaze ni nafasi kati ya vyuma viwili vya shingo. Uzi wa 5, kaze ya 3: do. Uzi wa 4: re wazi (bila kubana uzi), mi kaze ya 2, fa kaze ya 3. Uzi wa 3: sol wazi, la kaze ya 2. Uzi wa 2: si wazi, do kaze ya 1. Namba ya kidole ni ileile ya kaze, kwa hiyo mkono hauhami. Taja kila noti kwa sauti unapoipiga. Hilo kitabu hakisemi, na mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote.

Wengi wanakwama kwenye kuusoma mchoro. Uzi mnene umechorwa chini, ilhali ukishika gitaa uko juu. Lilaze gitaa mapajani, uso ukitazama dari, shingo kushoto: sasa nyuzi zimepangika sawasawa na karatasi. Fanya hivyo siku mbili tatu, jicho litazoea.

Sol ndiyo noti inayokufa mara nyingi. Kidole cha tatu kikibaki kwenye fa huku kimelala, nyama yake inagusa uzi wa 3, na badala ya sol unasikia "tu". Kunja kiungo cha mwisho, ncha isimame. Noti ikikwaruza, usiongeze nguvu kwanza: sogeza kidole hadi karibu kabisa na chuma cha mbele, bila kukipanda. Katikati ya kaze unahitaji nguvu zaidi, na uzi hutetemeka vibaya.

Kwa mwendo, kitabu kinaagiza metronomu (kifaa kinachogonga mapigo) 100, yaani mapigo 100 kwa dakika. Ni haraka mno. Weka 60, noti moja kwa pigo. Ukimaliza mara tatu mfululizo bila kosa, ongeza 4. Ukikosea mara mbili mahali palepale, shuka 10 na urudie noti mbili zile tu zinazokukwaza.

Ukurasa wa 11, la mineri ya noti tano kwenye kaze ya 5, umechorwa safi na namba za vidole ni sahihi. Ila vitone vyote ni vyeusi. Chukua bic nyekundu uzungushie la zote: uzi wa 6 kaze ya 5, uzi wa 4 kaze ya 7, uzi wa 1 kaze ya 5. Hapo ndipo sentensi yako ya muziki inapotua.

Kinachonisikitisha ni kwamba hakuna hata mstari mmoja wa tiersi, yaani noti ya gamu na ya tatu kutoka kwake (kama do na mi) zikipigwa pamoja. Katika mji huu ambao wazee kama Mwenda Jean Bosco walipiga kwa kidole gumba na cha shahada, gamu ya noti moja moja haikufikishi kwenye muziki unaousikia mtaani. Nimeziandika mwenyewe nyuma ya jalada, kaze ya uzi wa 2 kwanza, kisha ya uzi wa 1 (0 ni uzi wazi), ukipiga zote mbili pamoja: 1 na 0, 3 na 1, 5 na 3, 6 na 5, 8 na 7, 10 na 8, 12 na 10, 13 na 12. Hiyo ni do majeri kamili. Angalia tofauti: ni kaze moja au mbili, basi, kwa hiyo maumbo ya vidole ni mawili tu. Zianze baada ya mwezi wa kwanza, kwa metronomu 50.

Nililipa faranga 10 000. Kwa ukurasa wa 6 na wa 11, na karatasi isiyozimika umeme ukikatika, sijutii. Pini tu ndizo hulegea upesi. Shona mgongo kwa uzi siku ileile unayokinunua.