Miezi minane na bwawa la bustani Bamburi: walichoniuzia na kilichofanya kazi

Nimekaa na hili bwawa miezi minane sasa, naona naweza kulisemea. Nililipa shilingi 85,000 kwa kampuni moja ya hapa hapa Mombasa (jina naliacha) wanichimbie bwawa la mita 3 kwa 2 nyuma ya nyumba, kina sentimita 60, na wanipe kila kitu: nailoni, pampu ya sola, mimea na samaki. Tamaa yenyewe niliipata Haller Park. Ukiona machimbo ya chokaa yaliyoanza kupandwa mivinje mwaka 1971 leo yana viboko, unajiambia uwanja wako hautashindwa na dimbwi.

Kuchimba, nawapa maksi zote. Futi moja tu chini walikutana na matumbawe, na jiwe hilo hupitisha maji kama chujio. Wakatandaza mchanga, magunia makuukuu juu yake, ndipo wakalaza nailoni nzito nyeusi. Mpaka leo halijavuja. Upande mmoja wakaacha mteremko wa mawe, nikadhani ni urembo. Kumbe ndiyo ngazi ya chura na mjusi. Kuta zikisimama wima, mnyama mdogo akiingia hatoki.

Makosa yalianza kwenye maji. Walilijaza kutoka kisimani kwangu, na kisima changu kina munyu, hata chai hatukipikii. Baada ya wiki mbili majani ya yungiyungi yakaungua kingo, rangi ya tumbaku. Nikayatoa maji yote kwa ndoo, mgongo ukanitambua, nikajaza ya mfereji na kuyaacha siku kadhaa klorini itoke kabla ya kurudisha kiumbe chochote. Tangu masika nimeuelekeza mlizamu wa paa humo. Maji ya mvua ndiyo maji.

Samaki walioleta walikuwa tilapia sita. Ukitaka mimea, usikubali tilapia. Dume akitaka kuoa huchimba kiota kwa mdomo, na wa kwangu walichimba ndani ya ndoo za mayungiyungi, udongo ukatimka, bwawa likawa chai ya maziwa. Waliishia kuwa samaki wa kupaka. Badala yao nikatia gapi ishirini, vile visamaki vidogo vyenye mikia ya rangi. Hivyo visitoke nje ya bwawa lako, mtoni si kwao.

Gapi niliwatia kwa ajili ya mama. Alipoliona bwawa mara ya kwanza alisimama mlangoni akaniuliza, “Mwanangu, umetuletea mbu?” Ana haki. Mwaka 2013 homa ya dengi ilipozuka mjini alilala chini siku nyingi, na kwa joto letu yai huwa mbu anayeruka kwa wiki moja hivi au siku kumi. Basi kila magharibi nilikuwa nachota kikombe na kukimulika tochi. Wiki ya kwanza niliwaona watoto wa mbu wakining'inia kichwa chini, ukitikisa kikombe wanajipinda na kuzama. Wiki ya tatu, kikombe kitupu. Kiswahili kimewapa mtoto wa mbu na mtoto wa chura jina moja, viluwiluwi, na ilinibidi nimweleze mama ni wapi tunawataka na wapi hatuwataki. Vyura wenyewe walikuja bila kualikwa, mvua ya kwanza tu, na jirani bado ananidai usingizi.

Sasa pampu, maana ndiyo iliyokula pesa. Inarusha maji juu kama ya hotelini, wageni wanapiga picha. Lakini yungiyungi hupenda maji yaliyotulia, na jani likinyeshewa mchana kutwa huoza. Miezi miwili sikuona ua hata moja. Nilipokisogeza kirusha maji pembeni kabisa, ua la kwanza likachomoza baada ya siku kumi na mbili.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba haina betri. Jua likizama, inalala. Mchana mimea inatoa oksijeni ya kutosha, pampu haihitajiki sana; usiku mimea nayo inavuta, na karibu na alfajiri ndipo samaki hubanwa. Nililijua hilo baada ya kijana wa kampuni kuja “kuhudumia” na kumimina dawa ya mwani. Maji yaling'aa siku mbili, mwani uliokufa ukaoza, na siku ya tatu baada ya swala ya alfajiri nikawakuta gapi wote juu, vinywa nje, wanahema. Nilipiga maji kwa ndoo mpaka jua likachomoza na pampu ikaamka. Saba walikufa. Dawa ya mwani hasa ni kivuli: majani ya yungiyungi yafunike kama nusu ya maji, na samaki usiwalishe kupita wanachomaliza papo hapo.

Waliniletea pia gugumaji, eti zawadi. Aliyeona lilivyolifanya Ziwa Victoria pale Kisumu hapokei zawadi hiyo. Nililianika juani mpaka likakauka kabisa, sikulitupa mtaroni.

Kunguru wanakuja kuoga na kuchafua, dawa yao sijapata. Ila juzi kwenye shina la funjo nimekuta ganda la kereng'ende, jembamba kama karatasi ya sigara, limepasuka mgongoni, miguu bado imeshika. Alikulia humo ndani, akila viluwiluwi vya mbu, na mimi simjui.

Ningewaita tena? Kuchimba na kutandika nailoni, hata kesho. Mimea na samaki nitatafuta mwenyewe. Wamenipigia wiki iliyopita wakitaka 18,000 za betri, kitu ambacho kilipaswa kuwemo tangu mwanzo. Sijawajibu.