Nyama ya soya jikoni kwangu Jinja: uzoefu wa miaka minne

Mimi ni Msabato, naishi Jinja, na niliacha nyama miaka minne iliyopita. Mayai na maziwa bado natumia. Mwaka wa kwanza nusura nirudi buchani, na iliyotaka kunirudisha ni nyama ya soya yenyewe. Nilikuwa nairoweka kwenye maji ya moto, naimwaga juu ya nyanya na vitunguu, napakua. Ilinuka maharage mabichi, na ukiitafuna inatema maji mdomoni. Watoto walikuwa wanavisogeza vile vipande pembeni ya sahani kimoja kimoja, kimyakimya, wasinivunje moyo.

Kosa langu alilionyesha mama mmoja mtu mzima tuliyepangwa naye zamu ya jikoni wakati wa makambi, ile mikutano ya kanisa letu. Alichungulia sufuria yangu akauliza, "Mwanangu, umeikamua?" Sikumwelewa. Akachota vipande vichache, akavipuliza vikapoa, akavifumba kiganjani na kuvifinya. Yakatoka maji ya manjano yenye povu kama la sabuni. "Haya ndiyo yanayonuka," akasema. Tukamwaga, tukatia maji mengine, tukakamua tena, na mara ya tatu maji yakatoka safi. Siku hiyo nyama ya soya iliisha kabla ya maharage.

Tangu hapo nimeielewa. Soya ikishakamuliwa mafuta, unga unaobaki hupitishwa kwenye mashine yenye joto na mgandamizo mkali, na ukitoka unavimba na kujaa vitundu vidogovidogo. Vitundu hivyo hunywa chochote utakachokuwa wa kwanza kuvipa. Ukivipa maji matupu, utakula maji matupu. Kwa hiyo mimi nikishakamua, nakausha kwa kitambaa, natia chumvi, tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, naacha nusu saa, halafu nakaanga kwenye mafuta ya moto mpaka kingo ziwe kahawia na ngumu kidogo. Hapo ndipo inapofaa kuingia kwenye mchuzi.

Na mchuzi wake ni wa karanga. Nimejaribu nazi, nimejaribu nyanya na bizari, vyote vizuri, lakini binyebwa, ule mchuzi mzito wa karanga za kusagwa unaomwagiwa juu ya matoke, ndio unaoipa soya kitu inachokosa, yaani mafuta. Kumbuka mafuta yake yalibaki kiwandani. Naupika Ijumaa kabla jua halijazama, moto mdogo, bila haraka, na unalala. Sabato mchana tukirudi kanisani naupasha tu, na kila kipande kimeshanywa karanga mpaka ndani. Chakula hiki kilicholala ni kitamu kuliko cha siku hiyohiyo. Sijui nyama ya ng'ombe ambayo ningeibadilisha nayo.

Kuhusu kununua, kuna mahali nimeumia. Kuna duka nililozoea kununua soya ya kupimiwa kutoka kwenye gunia, kwa kuwa ni rahisi kuliko ya pakiti. Mara mbili niliikuta na vidudu, mara ya tatu ikawa inanuka mafuta ya zamani, na nilipoirudisha muuzaji alinijibu kwamba soya ndivyo inavyonuka. Sivyo. Soya nzuri ikiwa kavu hainuki karibu chochote, rangi yake ni ya krimu, na ukikivunja kipande kinalia kama biskuti. Sasa nanunua pakiti iliyofungwa yenye tarehe, na bado gharama ni nafuu, kwa sababu ikilowa inaongezeka mara mbili hadi tatu kwa uzito. Nusu kilo inatutosha sisi sita mchana na jioni.

Jambo jingine ni vile vidonge na unga wa kuongeza ladha ya mchuzi. Mtu anaacha nyama, halafu anakolezea soya kwa kiungo ambacho ndani yake kuna mafuta ya ng'ombe. Geuza pakiti usome. Na kama huli hata mayai wala maziwa, usiitegemee soya kwa vitamini B12, kwa sababu mimea haina, labda pakiti iseme imeongezwa. Protini ipo ya kutosha, karibu nusu ya uzito wake ikiwa kavu.

Soseji zisizo na nyama za kutoka nje, zile za kwenye friji za supamaketi za Kampala, nilinunua mara moja. Bei kubwa, chumvi nyingi. Sikurudia.

Vitafunio ndiko Uganda inakonifurahisha, maana vingi havikuwahi kuhitaji nyama. Kikomando, chapati iliyokatwakatwa na kumwagiwa maharage, kinanishibisha mpaka jioni. Kabalagala za ndizi na unga wa muhogo nazila na chai. Shida ni njiani. Basi likisimama Namawojjolo, soko la vyakula kando ya barabara ya Jinja na Kampala, madirisha yanajaa mishikaki ya kuku na maini, na gonja, ile ndizi ya kuchoma, mara nyingi inachomwa kwenye wavu uleule, mafuta ya kuku yakiidondokea. Mimi huuliza, "Dada, hiyo ya pembeni ilichomwa peke yake?" Wapo wanaokasirika. Yupo mmoja ambaye sasa akiniona ananitolea yake aliyoitenga kwenye jani la mgomba, na nashukuru sana, kwa sababu ile saa basi haliningoji nibishane. Sambusa za njegere nazo zinakaangwa kwenye karai moja na za nyama, kwa hiyo hizo nimeamua kujitengenezea. Nasaga soya niliyokwisha kuikamua, naikaanga na kitunguu, dania na pilipili mbuzi, nakunja. Nikipeleka ishirini kanisani, sinia linarudi tupu, na wanaouliza ndani mna nini nawaandikia kabisa kwenye karatasi, neno la kwanza likiwa "kamua".