Seti ya mazoezi ya kasi: nimeijaribu na timu ya wavu, haya ndiyo niliyoyaona

Seti yenyewe inauzwa duka moja la Kariakoo, shilingi 65,000, nikatumiwa kwa basi mpaka Kigoma. Ndani ya begi mna ngazi ya mikanda ya mita 6 unayoitandika chini, koni bapa za rangi nne, vigingi vya chuma na parachuti ya kufunga kiunoni. Nafundisha wavu wasichana wa sekondari hapa Ujiji, kwenye uwanja wa udongo mwekundu ulioshindiliwa, kwa hiyo ninayoyasema ni ya wavu. Watu wa riadha wana hesabu zao.

Nianze na parachuti. Watoto waliigombania, lakini kwetu haina kazi. Upande mmoja wa uwanja wa wavu ni mita 9 kwa 9. Mchezaji anapiga hatua tatu, nne, anasimama, anaruka au anachuchumaa. Parachuti haijashika upepo yeye ameshafika kwenye neti. Upepo wa ziwani ukianza jioni ndiyo balaa, inamvuta upande. Siku hizi tunafunikia mipira stoo.

Ngazi ina vipandio vya plastiki vyepesi, ila vinateleza kwenye mikanda, nafasi moja inakuwa pana na nyingine finyu. Vigingi kwenye udongo wetu wa kiangazi vilipinda. Nimevifunga vipandio kwa uzi wa nyavu za samaki kutoka Kibirizi, kwa wavuvi wa hapa Kigoma, na havijasogea tena. Kwa kupasha miili moto na kuzoesha miguu wepesi, inafaa. Kasi ya mchezo ni jambo jingine. "Madam, hii tumeshaikariri," seta wangu, yule anayewainulia wenzake mpira wapige, aliniambia, na kweli, wanaipita huku wakipiga soga! Kwenye wavu mguu unasubiri jicho lisome bega la mpigaji, na ngazi haina bega.

Koni ndizo zilizorudisha hela yangu. Naweka moja karibu na neti, mbili kwenye mstari ulio mita 3 kutoka kwenye neti, kulia na kushoto, na moja nyuma. Binti anasimama katikati, magoti yamekunjwa kidogo, nataja rangi, anaenda kwa hatua za pembeni, anagusa, anarudi. Wakishazoea sitaji tena. Nanyanyua kitambaa cha rangi ile, maana mpira hauji ukipiga kelele. Wazuiaji wa kati wanaruka kwenye neti, wanarudi kinyumenyume mpaka koni ya mita 3, kisha wanakuja tena kama wa kupiga smashi. Hapo ndipo nilipogundua mmoja wao huipa neti mgongo kila akirudi. Mpira atauona saa ngapi? Uwanja ni mgumu, kwa hiyo miruko naipunguza, magoti ya watoto hayanunuliki.

Zoezi moja ni sekunde 6 mpaka 8, kisha anapumzika kama 40. Walimu wenzangu wengi wanaibana hiyo pumziko kwa kuamini jasho ndiyo kasi. Ukiibana unajenga pumzi tu, na miguu iliyochoka inazoea kwenda polepole. Ndiyo maana nayafanyisha mwanzoni, wakishapasha, mara mbili kwa wiki, si mwisho wa mazoezi.

Na zoezi lililozidi yote halimo hata kwenye begi. Nanyoosha mkono na mpira usawa wa bega, binti yuko mita 3, nauachia bila kumwambia. Audake kabla haujadunda mara ya pili. Akiweza, narudi nyuma hatua moja. Hapo soga zinaisha zenyewe.

Kwa seti nzima natoa nyota tatu kati ya tano. Aliye Kigoma ngazi ataifuma kwa kamba za wavuvi na vipande vya bomba la maji. Duka lilelile linauza koni peke yake kwa 12,000. Omba zile laini zinazokunjika, ngumu zinapasuka zikikanyagwa.