Uzoefu wangu na seti ya kuunda gari la rimoti la vumbini, kipimo cha 1/10

Gari hili linasukumwa na magurudumu ya nyuma pekee, na seti yake huja vipandevipande, bila mota, servo (mota ndogo inayogeuza magurudumu ya mbele), kidhibiti mwendo (kinachopima umeme unaokwenda kwenye mota), risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti) wala betri. Kwa upande wa mitambo naipa alama za juu. Matundu ya chasisi ya alumini yamekaa sawasawa, beringi zinazunguka bila kukwama, na kitabu cha maelekezo kinachora kila skrubu kwa ukubwa wake halisi, kwa hiyo unailaza juu ya karatasi ukahakikisha. Kasoro yake kubwa ni kwamba kitabu kinaishia pale umeme unapoanza, na kwenye umeme ndiko pesa nyingi huungulia.

Uundaji wenyewe hausumbui. Skrubu nyingi ni M3 zinazotaka bisibisi ya pembe sita ya milimita 2.0, tumia yenye chuma kigumu, maana ya bei rahisi huviringisha tundu la skrubu na ukishafika hapo kuitoa ni kazi. Gundi ya nyuzi (ya kuzuia skrubu isilegee) ipakwe pale tu chuma kinapoingia kwenye chuma. Ikigusa plastiki huipasua. Shokomzoba nilizijaza oili ya silikoni namba 35 mbele na 30 nyuma. Pandisha na shusha pistoni polepole hadi mapovu yaishe, kisha ziache zimesimama kabla ya kufunga kifuniko.

Nafasi ya umeme ni finyu. Servo ya kimo cha kawaida haiingii, inatakiwa fupi, na betri iwe ile fupi ya urefu wa milimita 96 hivi. Angalia pia meno ya shafti ya servo: chapa ya Futaba na nyingi zinazofuata mtindo wake zina meno 25, Hitec 24, Sanwa na KO 23. Seti inaleta mikono mitatu ya servo (vipande vinavyovaa shafti hiyo na kusukuma usukani), na ule usio wake utaingia kwa nguvu kisha ukate meno. Kabla ya kuufunga mkono, unganisha servo na risiva, washa rimoti, rudisha trimu (marekebisho madogo ya katikati ya usukani) kwenye sifuri, halafu uweke mkono ukiwa wima. Mwisho punguza kikomo cha mwendo kwenye rimoti hadi magurudumu yafike mwisho wa kukata kona bila servo kunguruma. Servo inayonguruma ikiwa imesimama inavuta umeme mwingi na itaungua.

Kulehemu kunahitaji pasi ya wati 60 au zaidi yenye ncha pana. Pasi nyembamba ya wati 30 haiwezi kupasha waya mnene wa geji 12. Lehemu inaganda juu juu, inakuwa na rangi ya kufifia na chembechembe, na kiungo hicho hupata moto mota inapovuta, mpaka waya unachomoka. Paka lehemu kwenye waya kwanza, kisha kwenye sikio la mota (kipande cha chuma cha kushika waya), halafu viunganishe kwa sekunde chache tu. Mpira wa kunywea kwa joto uvishe kwenye waya kabla ya kulehemu. Betri isiwe imeunganishwa. Na kwa kuwa chasisi ni alumini, waya wowote uliochunika ukingoni ni shoti inayosubiri. Mimi napitisha msasa kwenye kingo zote za chasisi, kisha nazifunga nyaya ziwe mbali nazo.

Mota yenye sensa (inayokijulisha kidhibiti mota imefika wapi kwenye mzunguko) ina nyaya A, B na C, na kila moja lazima iende kwenye herufi yake kwenye kidhibiti. Ukiona gari linarudi nyuma ukibonyeza mbele, usibadilishane nyaya. Geuza mwelekeo wa chaneli ya gesi kwenye rimoti (rimoti za Futaba mara nyingi huhitaji hivyo), halafu rudia kukifundisha kidhibiti sehemu ya katikati, gesi yote na breki yote. Mota ikipata kigugumizi wakati wa kuondoka, anza kukagua kebo ya sensa kabla ya kuilaumu mota. Skrubu za mota nazo zisiwe ndefu kupita zile za kwenye seti, kwani zikizama sana hugusa koili.

Kwa mota ya 10.5T (T ni idadi ya mizunguko ya waya kwenye koili) nilianza na gia kubwa ya meno 78 na pinioni, yaani gia ndogo ya kwenye mota, ya meno 24. Uwiano wa ndani ya sanduku la gia ukiwa 2.6, unapata 8.45 kwa jumla. Mwanya wa meno ninaupima kwa kipande cha karatasi kilichobanwa kati ya gia mbili. Simamisha gari baada ya dakika chache upime joto la mota. Likipita nyuzi 75 za Selsiasi, punguza jino moja au mawili ya pinioni.

Volti zinazokwenda kwenye servo zisomwe kwanza kwenye maelezo yake. Vidhibiti vingi vina chaguo la 6.0 au 7.4, na servo ya volti 6 haivumilii 7.4. Betri ya lipo (lithiamu polima) ya seli mbili, weka kidhibiti kiikate ikishuka hadi volti 3.3 kwa seli, uichaji kwa ampea 4 ikiwa ni ya mAh 4000, na uihifadhi ikiwa na volti 3.8 kwa seli.

Kilichobaki ni antena. Kwenye masafa ya 2.4 GHz, sehemu inayopokea ni ile milimita 31 ya mwisho iliyo wazi; isikunjwe, isikatwe, wala isilazwe juu ya alumini. Isimamishe ndani ya kijibomba chake. Kisha inua magurudumu, bonyeza gesi kidogo na uzime rimoti: mota isiposimama palepale, panga upya kinga ya kupotea kwa mawimbi kabla gari halijagusa ardhi.