Kituo cha kuchaji magari Barabara ya Bagamoyo: huduma njema, mashine moja isiyoaminika

Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikichaji gari langu katika kituo kimoja kilichopo kando ya Barabara ya Bagamoyo, upande wa Mikocheni. Gari lenyewe ni Nissan Leaf yenye betri ya kilowati-saa 40, iliyotumika Japani kabla ya kushushwa bandarini kwetu, na ninalitaja mapema kwa sababu aina ya gari ndiyo inayoamua kama kituo hiki kitakufaa. Leaf hutumia plagi ya CHAdeMO, magari ya Ulaya ya siku hizi hutumia CCS2, na mengi ya China huja na GB/T. Kituo kina mashine mbili za chaji ya haraka, lakini ni ile ya kushoto tu yenye kebo inayoingia kwenye gari langu.

Inapofanya kazi, sina la kulalamikia. Uwanja una paa, taa za usiku zinatosha, na kijana wa zamu huja mwenyewe kukusaidia kabla hujamwita. Kutoka asilimia 20 hadi 80 hunichukua muda usiofika saa moja, ilhali nyumbani, kwa soketi ya ukutani, kazi hiyo hiyo humaliza usiku mzima. Nashauri uishie kwenye 80, kwa kuwa baada ya hapo umeme huingia kwa kasi ndogo, na betri ya Leaf, ambayo hupozwa na hewa peke yake, hupata joto kubwa katika jua la mchana la Dar es Salaam. Bei ya uniti ni zaidi ya mara mbili ya ninayolipa kwa LUKU nyumbani, ambako kiwango cha matumizi ya kawaida ni shilingi 292 kabla ya kodi na tozo. Siioni kuwa dhuluma: mwenye kituo amegharimia transfoma, mashine na kiwanja kwa fedha zake mwenyewe.

Kinachoniudhi ni kwamba mashine ya kushoto imezimika mara tatu katika miezi hiyo minne, na mara ya mwisho ilikaa siku 19 bila kutengenezwa. "Shikamoo mzee, bado tunasubiri kifaa kutoka nje," aliniambia yule kijana kwa masikitiko ya kweli, nami nikarudi Tegeta nikiwa na asilimia 11, kiyoyozi nimekizima, macho yakiwa kwenye namba ile njia nzima.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiria kwa makini suala la fedha za umma katika vituo hivi. Nchini Marekani, sheria ya miundombinu ya mwaka 2021 ilitenga dola bilioni 5 kwa miaka mitano, zigawiwe majimbo ili yajenge vituo kando ya barabara kuu. Serikali ya shirikisho hulipa hadi asilimia 80 ya gharama, na sehemu iliyobaki hutoka kwa jimbo au mwekezaji. Masharti yaliyowekwa yalikuwa wazi: kituo kila maili 50, yaani kilomita 80 hivi, chaja zisizopungua nne zenye uwezo wa kilowati 150 kila moja, na kila chaja iwe inafanya kazi kwa zaidi ya asilimia 97 ya mwaka. Asilimia tatu inayobaki ni kama siku 11. Mashine yangu ya kushoto imezimaliza siku hizo, na kuzipita, katika hitilafu moja tu.

Mpango ule haukwenda kwa kasi. Kituo cha kwanza kilifunguliwa Ohio mwezi Desemba 2023, miaka miwili baada ya sheria kutiwa saini, na Februari 2025 serikali mpya iliusimamisha, hadi majimbo kadhaa yakaenda mahakamani kudai fedha zao. Hata hivyo lile sharti la asilimia 97 ningelichukua kama lilivyo. Umeme tunao: Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kuzalisha megawati 2,115, na treni ya SGR inakwenda Dodoma kwa umeme tangu 2024. Kama Serikali itatoa ruzuku au msamaha wa kodi kwa vituo, malipo yafungwe na siku ambazo mashine imefanya kazi kweli, na vipuri viwepo nchini kabla ya kituo kuzinduliwa.

Fedha hizo pia ziende mahali ambapo mfanyabiashara hataki kwenda peke yake. Kutoka hapa hadi Chalinze gari langu linafika bila wasiwasi. Morogoro, kilomita 190 hivi, ni safari nisiyothubutu bila kuwa na mahali pa uhakika pa kuchaji katikati. Ndani ya jiji hali ni chungu zaidi kwa madereva wa bajaji za umeme. Kituoni nimezungumza na mmoja anayeishi Mbagala, ambaye huvuka jiji zima kuja kuchomeka kwenye soketi za pembeni, kwa sababu katika chumba alichopanga LUKU ni ya pamoja na wapangaji wenzake hawakubali. Kenya iliweka bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri mwaka 2023, yenye nafuu kubwa zaidi usiku. Bei ya namna hiyo hapa, pamoja na soketi chache salama karibu na maegesho ya bajaji Mbagala na Gongo la Mboto, ingemrudishia ndugu huyu saa mbili za kazi kila siku.

Kwa wakazi wa Mikocheni, Msasani na Kawe wenye magari ya CCS2, nakipendekeza kituo hiki bila kusita, kwani mashine ya kulia sijaiona ikizimika hata siku moja. Mwenye plagi ya CHAdeMO apige simu kabla ya kutoka nyumbani, aulizie mashine ya kushoto, na afike kabla ya saa mbili asubuhi.