Shah Jahan na mwanawe ukutani: kupakua ni bure, kazi ipo kwenye kuprinti

Tangu 2017, makumbusho ya Metropolitan ya New York yanamruhusu yeyote kupakua bure picha za kazi zisizo na hakimiliki, azitumie apendavyo. Mimi nilichukua ile ya Nanha, mchoraji wa kasri la Wamughal, ukoo uliotawala India, ya mwaka 1620 hivi: Shah Jahan ameketi na mwanawe mkubwa, Dara Shikoh. Kupakua hakuna usumbufu. Hakuna kujisajili, hakuna kulipia. Faili tu ni zito, kwa hiyo tafuta waifai.

Kabla ya kukimbilia kuprinti, ikuze kwenye skrini uizungukie taratibu. Baba anatazama vito. Mtoto kashika upepeo wa manyoya ya tausi mkono mmoja, na mwingine pambo la kilemba. Ndevu zimechorwa unywele mmoja mmoja. Wakati huo Shah Jahan alikuwa bado mwanamfalme. Enzi aliipata 1628. Mwaka 1658 mwanawe mwingine, Aurangzeb, alimfungia baba yake katika mji wa Agra, na mwaka uliofuata akaamuru Dara auawe. Ukishayajua hayo, yule mtoto na upepeo wake haangaliki kirahisi.

Sasa uchapaji. Duka la kwanza walinishawishi nichukue karatasi inayong'aa, kisha wakakata pambizo lote la maua eti ni nafasi tupu. Mchoro huu ni ukurasa wa albamu ya michoro, na pambizo lile ni sehemu ya ukurasa huo! Dhahabu nayo ilitoka kama haradali. Duka la pili nilidai karatasi nzito isiyong'aa, saizi ya A3, na nikawaambia mapema wasiguse kingo. Nguo na nyuso zimetoka vizuri mno, ila dhahabu bado imepooza. Sidhani kuna fundi wa kulaumiwa hapo: Nanha alipaka dhahabu yenyewe juu ya rangi za maji, nayo hubadilika kila mwanga unapobadilika. Printa ina wino tu.

Makumbusho nayapa nyota tano, picha iliyoko ukutani tatu na nusu. Kama bajeti ni ndogo, bana kwenye fremu, usibane kwenye karatasi. Na usiitundike inapopigwa na jua, wino utapauka.